Watoto wa shule ndani ya dirii ya Kirumi: wanafundishwa nini hasa?

Picha za watoto wa Uingereza au Ujerumani waliovaa kanzu fupi nyekundu, ngao za mbao mikononi, wakitembea kwa hatua moja nyuma ya mtu mzima anayepiga kelele kwa Kilatini, huzunguka sana kwenye simu zetu. Kila zinapozunguka, maswali ni yaleyale. Wanaandaliwa kwa vita? Ni ibada ya miungu ya kale? Au ni mchezo tu wa watu wenye nafasi? Wengine wanasema hao ni magladieta, wengine wanasema ni JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya Wazungu. Ukweli ni kwamba mambo matatu au manne tofauti yamefungwa kwenye furushi moja, na mojawapo kati ya hayo lina historia mbaya ambayo hata sisi wa Afrika Mashariki ilitugusa. Inafaa kulifungua furushi hilo taratibu.

Tuanze na majina. Kuna kitu kinaitwa historia hai: watu wanavaa, wanakula, wanafanya kazi na kulala kama watu wa zama fulani, kwa saa chache au siku chache, ili wao na wanaowatazama wazielewe zama hizo. Kuna akiolojia ya majaribio: mtaalamu anatengeneza upya kifaa cha kale kwa vifaa na njia za wakati ule, anakitumia, na anaandika kilichotokea, ili kujua kama dhana za wasomi zinasimama. Halafu kuna malezi ya kijeshi, ambapo kijana anapewa nidhamu na mazoezi ya jeshi kwa makusudi ya taifa au ya chama. Mfumo wa tatu unaweza kuvaa nguo za Kirumi, lakini lengo lake si kumfundisha mtu historia. Magladieta ni habari nyingine kabisa: hao walikuwa wapiganaji wa kiwanjani, wengi wao watumwa, waliopigana mbele ya watazamaji. Askari wa jeshi la Roma alikuwa mwajiriwa wa dola mwenye mshahara.

Askari huyo wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu kuliko wanavyodhani. Ndiye akida wa Kapernaumu. Ndiye Kornelio wa Matendo ya Mitume, akida wa kikosi kilichoitwa Kiitalia. Ndiye aliyekuwa na haki ya kumlazimisha raia abebe mzigo maili moja, na ndiye aliyemkamata Simoni, mtu wa Kirene, yaani Libya ya leo, abebe msalaba. Dirii (kinga ya kifua), chapeo (kofia ya vita), ngao na upanga wa Waefeso sura ya 6 ni vifaa vyake. Mtoto aliyewahi kuvalishwa dirii ya boksi kwenye shule ya Jumapili ameshaonja historia hai bila kuambiwa jina lake.

Mpangilio wa jeshi lenyewe si mgumu. Chini kabisa kulikuwa na watu wanane waliolala hema moja, wakapika pamoja na kugawana nyumbu wa kubeba mizigo na jiwe la kusagia. Mahema kumi kama hayo yalifanya kundi la watu 80 chini ya akida mmoja. Ndiyo, 80, ingawa kundi lenyewe liliitwa centuria na wengi hudhani lilikuwa na watu mia kamili. Makundi sita yalifanya kikosi cha watu 480, na vikosi kumi vilifanya legioni, jeshi la watu kama 5,000. Programu nyingi za watoto huanzia pale chini, kwa wale wanane, kwa sababu huko ndiko maisha ya askari yalikofanyika. Anayegawiwa wenzake saba wa kula na kulala nao anaelewa jeshi la Roma upesi kuliko anayekariri majina ya majenerali.

Sasa, watoto wanafanya nini huko? Ukiondoa kelele na ngao, sehemu kubwa ya siku huenda kwenye kazi za kawaida. Askari wa Roma hakupewa mkate. Alipewa nafaka, pungufu kidogo ya kilo moja ya ngano kwa siku, na kuisaga ilikuwa juu yao. Watu wanane ni kilo sita au saba kila siku, zinasagwa kwa mkono, kwenye jiwe la mviringo lenye mpini, baada ya kutembea kutwa nzima. Watoto wanapewa jiwe hilo na kikombe cha ngano. Dakika za mwanzo ni kicheko. Kisha mabega yanaanza kuuma, unga unaotoka ni mchache, umejaa chenga, na kikombe bado hakijaisha. Hapo ndipo maswali ya maana yanapoanza: nani alisaga, lini, na kama kila hema lilisaga jioni, kuni zilitoka wapi? Kusoma juu ya kazi hii ni kama kusoma maelezo ya kusonga ugali bila kuwahi kushika mwiko. Maneno yote unayajua, lakini uzito huujui.

Baada ya unga ni uji mzito wa ngano au mkate wa majivuni, na kinywaji ni maji yaliyotiwa siki. Hiyo ndiyo siki iliyolowesha sifongo aliyopewa Yesu pale Golgotha: kinywaji cha kila siku cha maaskari.

Kisha mzigo. Vegetius, mwandishi wa Kirumi aliyeandika kitabu cha mafunzo ya jeshi mwishoni mwa karne ya 4 au mwanzoni mwa ya 5, anasema kuruta alitakiwa kutembea maili 20 za Kirumi, karibu kilomita 30, kwa saa tano za siku ya kiangazi, na kuzoeshwa kubeba ratili 60 za Kirumi, ambazo ni kama kilo 20. Anasema pia kwamba kuruta alifundishwa kupiga nguzo ya mti kwa upanga wa mbao na ngao ya fito, vyote viwili vikiwa na uzito maradufu ya vile vya vita, ili siku ya vita mkono uone wepesi. Hakuna programu ya maana inayombebesha mtoto wa miaka kumi kilo 20. Wanamwonjesha: mzigo uliopunguzwa, mwendo wa nusu saa, viatu vyenye misumari chini vinavyoteleza kwenye mawe. Inatosha.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina upanga wala ngao. Ni la neno la siri la usiku. Polybius, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anaeleza jinsi lilivyosambazwa kambini. Jua likizama, neno liliandikwa kwenye kibao kidogo cha mbao, likakabidhiwa kikundi cha mwisho cha safu, nacho kikakipitisha kwa kikundi kinachofuata mbele ya mashahidi, na hivyo hivyo mpaka kibao kirudi kwa afisa kabla giza halijaingia. Kila kibao kilikuwa na alama ya safu yake. Kisiporudi, afisa alijua mara moja uzembe ulikwamia safu gani, na mhusika hakuwa na pa kujificha. Watoto wakifanya zoezi hili mara ya kwanza, kibao hupotea. Kuna aliyekitia mfukoni, kuna aliyemwachia mwenzake bila kumwambia. Wanatafutana, wanalaumiana, wanarudia. Mara ya pili wanaanza kuona kwamba dola ile kubwa ilisimama pia juu ya kumbukumbu, saini na uwajibikaji wa mambo madogo. Polybius anaongeza adhabu ya mlinzi aliyelala zamu: alipigwa na wenzake kwa magongo na mawe, na wengi walikufa papo hapo. Mwalimu mzuri hairuki sentensi hiyo.

Umbo la leo la mambo haya ni la karibuni, na limejengwa na wataalamu na wapenzi wa historia wakishirikiana. Mwaka 1964, huko Corbridge kaskazini mwa Uingereza, lilifukuliwa sanduku la mbao lililokuwa na silaha na vipande vya dirii za mabamba ya chuma. Vipande hivyo ndivyo vilivyowawezesha wataalamu kuelewa jinsi dirii ile ilivyofungwa na kukunjika mwilini. Mwaka 1972 kikaundwa Uingereza kikundi cha Ermine Street Guard, kilichojitwika kazi ya kutengeneza upya mavazi na silaha za legioni kwa ushahidi na si kwa kuiga sinema. Mwaka 1985 mwanahistoria wa Ujerumani Marcus Junkelmann na wenzake walivaa vifaa vya askari wa Kirumi wakatembea kutoka Verona, Italia, wakavuka milima ya Alps mpaka Augsburg. Mambo ambayo wasomi walikuwa wakibishania mezani, kama vile kiatu hudumu kiasi gani na mzigo hufungwaje begani, yalipata majibu ya miguuni.

Leo shule hupeleka watoto Caerleon, Wales, palipokuwa makao ya Legioni ya Pili Augusta na ambapo misingi ya mabweni ya askari inaonekana mpaka sasa. Huko Chester, Uingereza, utawakuta wanafunzi barabarani na ngao zao nyuma ya "askari" anayewaongoza. Ujerumani kuna Saalburg, ngome iliyojengwa upya kuanzia 1897, na bustani ya kiakiolojia ya Xanten.

Lakini mahali panapofundisha kuliko pote, kwa maoni yangu, ni Vindolanda, ngome iliyo kusini kidogo ya Ukuta wa Hadrian, mpaka wa kale wa Warumi kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1973 Robin Birley alifukua hapo vibao vyembamba vya mbao vyenye maandishi ya wino, vilivyohifadhiwa na udongo mbichi usio na hewa kwa zaidi ya miaka 1,800. Ni barua na hesabu za ofisi za maaskari wenyewe. Kimoja ni ripoti ya kikosi cha Watungri, kabila la eneo la Ubelgiji ya leo: watu 752 kwenye orodha, 456 hawapo, wametumwa kwingine. Waliobaki ni 296, na kati yao 31 hawafai kwa kazi: wagonjwa 15, majeruhi 6, na wenye macho mabaya 10. Kibao kingine kinasema watu 343 wako karakana, 12 wakiwa washona viatu, na wengine 18 wakijenga bafu. Barua moja inamjulisha askari kwamba ametumiwa soksi na chupi. Nyingine ni mwaliko wa siku ya kuzaliwa ambao Claudia Severa, mke wa kamanda mmoja, alimwandikia Sulpicia Lepidina, mke wa mwingine.

Vibao hivi vinavunja uongo wa kwanza, kwamba kazi ya askari wa Roma ilikuwa kupigana. Siku nyingi alikuwa fundi, mjenzi, karani, mchunga mifugo, mtu wa kusubiri soksi kutoka nyumbani. Programu ambayo siku nzima ni kupigana kwa panga za mbao inamdanganya mtoto, hata kama kila kitufe cha mavazi ni sahihi.

Kuna uongo mwingine unaofaa kusahihishwa hapa. Ile saluti ya kunyoosha mkono mbele, inayoitwa saluti ya Kirumi, haina ushahidi wowote wa kale kuwa askari wa Roma waliitumia hivyo. Ilipata umaarufu kutokana na mchoro wa Mfaransa Jacques-Louis David wa mwaka 1784 unaoonyesha ndugu wa Horatii, mashujaa wa hadithi ya Roma, wakila kiapo, ikapita kwenye majukwaa na sinema, kisha wafashisti wa Italia wakaichukua. Kundi lolote linalowafundisha watoto saluti hiyo kama jambo la kihistoria halijasoma, au lina lake jambo. Rangi nyekundu ya kanzu nayo haina uhakika tunaodhani. Ushahidi wa nguo zisizotiwa rangi upo pia. Na ule mtindo wa kuunganisha ngao kichwani na pembeni kama gamba la kobe, ambao watoto wanaupenda mno, ulitumika hasa kusogelea kuta chini ya mishale. Askari hawakutembea hivyo kutwa.

Uongo unaotuhusu zaidi ni kwamba haya yote yalikuwa mambo ya Wazungu watupu. Legioni ya Tatu Augusta ilikaa karne kadhaa Afrika Kaskazini, makao yake makubwa yakiwa Lambaesis, katika Algeria ya leo. Mwaka 128 mfalme Hadrian alikwenda huko kuwakagua, na hotuba yake ilichongwa kwenye mawe. Ndani yake anawasifu waliomaliza kwa siku moja ukuta ambao wengine wangeugawa kwa siku kadhaa. Septimius Severus, aliyetawala dola nzima kuanzia 193, alizaliwa Leptis Magna, Libya. Katika karne ya 3 kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini kililinda upande wa magharibi wa Ukuta wa Hadrian, mahali panapoitwa leo Burgh by Sands, na jiwe lenye jina lao limepatikana karibu na hapo. Mtoto wa Kiingereza anayelijua hilo anauona ukuta wake kwa jicho jingine, na mtoto wa familia iliyohamia kutoka Afrika anajua kwamba kuvaa chapeo ile si kujipachika kwenye hadithi ya wengine.

Tukitaka kumwona kijana mwenyewe, barua moja ya karne ya 2 inatosha. Apion, kijana wa Fayum, Misri, alijiunga na jeshi la majini. Alipofika Misenum, Italia, alimwandikia baba yake Epimachus. Anamshukuru mungu Serapis kwa kumwokoa baharini. Anasema amepokea kwa Kaisari vipande vitatu vya dhahabu vya njiani. Anamwomba baba yake amwandikie, kwanza amjulishe hali yake, pili ya ndugu zake, na tatu aweze kuubusu mwandiko wake, kwa kuwa ndiye aliyemsomesha vizuri na kwa elimu hiyo anatumaini kupanda cheo upesi. Amemtumia picha yake. Mwisho anasema jina lake sasa ni Antonius Maximus. Kwenye barua moja hii kuna heshima kwa mzazi, ajira, safari, na mtu aliyepewa jina jipya na dola iliyoitawala nchi yake. Mwalimu anayewasomea watoto barua hii baada ya kuwavalisha mavazi amewapa kitu ambacho ngao peke yake haiwezi kuwapa.

Na hapa tufikie lile la hatari. Mwaka 1926 serikali ya Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, ilianzisha Opera Nazionale Balilla, taasisi ya kulea watoto kifashisti. Wavulana wa miaka 8 hadi 14 waliitwa Balilla, wa 14 hadi 18 Avanguardisti, na baadaye wadogo kabisa wakaitwa Wana wa Mbwamwitu, kwa kumbukumbu ya yule mbwamwitu wa hadithi ya kuzaliwa kwa Roma. Vikundi vyao vilipewa majina ya jeshi la Roma: manipolo, centuria, coorte, legione. Walipewa bunduki zilizopunguzwa ukubwa zilingane na mikono yao, na msemo uliosema kitabu na bunduki ndivyo vinavyomfanya mfashisti kamili. Mwaka 1935 utawala huo uliivamia Ethiopia, na Mei 1936 Mussolini akatangaza kwamba dola imerudi Roma. Gesi ya sumu ilimwagwa juu ya watu wa nchi jirani na Kenya kwa jina la utukufu ambao watoto wa Italia walikuwa wakiuimba gwarideni.

Kwa hiyo anayeuliza kama watoto hawa wanaandaliwa kwa vita haulizi swali la kipuuzi. Majina ni yaleyale. Tofauti iko kwenye kile mtoto anachoruhusiwa kuuliza. Kwa Mussolini, Roma ilikuwa jibu: nyamaza, tii, tembea. Katika historia hai iliyo nzuri, Roma ni swali. Mtoto anamwuliza akida kwa nini amebeba fimbo ya mzabibu, naye anaambiwa wazi kwamba ni ya kuwapigia askari. Anasimuliwa pia habari za Lucilius, akida aliyevunja fimbo nyingi migongoni mwa askari mpaka wakampa jina "Leta nyingine", na wakamuua walipoasi mwaka 14 baada ya Kristo. Anaambiwa kwamba jeshi hili liliteketeza Yerusalemu mwaka 70, na kwamba misafara yake ilifuatwa na wafanyabiashara wa watumwa walionunua mateka. Anaambiwa kwamba kisheria askari hakuruhusiwa kuoa mpaka Severus alipobadilisha jambo hilo, na bado viatu vya watoto wachanga vimefukuliwa Vindolanda ndani ya ngome. Maelezo ya namna hii hayamtoi mtoto akishangilia dola.

JKT yetu na NYS ya Kenya (Huduma ya Vijana kwa Taifa) ziko upande mwingine kabisa: hizo ni taasisi za taifa la leo, zenye sheria, viapo na wajibu halisi. Mtoto wa Chester anarudisha ngao saa tisa alasiri, anapanda basi la shule.

Mzazi wa Kiswahili anayeishi Ulaya, ambaye mwanawe ameleta nyumbani karatasi ya ruhusa ya kambi ya Kirumi, ana haki ya kuuliza mambo machache kabla ya kutia saini. Je, watoto wanabadilishana zamu za kuamuru na kutii, au kuna mtu mzima mmoja anayefoka siku nzima? Kuna nafasi ya mtoto kuwa Mbriton (mwenyeji wa Uingereza ya wakati ule) aliyenyang'anywa shamba, mke wa kamanda, mtumwa wa kambini, au wote ni askari washindi? Anayeogopa kelele anaruhusiwa kutoka bila kuchekwa? Viatu, uzito na maji ya kunywa vimepangwa kwa umri wao? Na jioni, mavazi yakishavuliwa, kuna muda wa kukaa na kuzungumza juu ya waliyoyaona? Kama swali hili la mwisho halina jibu, mwulize mwalimu kwa nini, maana mazungumzo hayo ndiyo somo lenyewe.